Chiriku Hayupo Darasani

Fundi alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yake. Tangu asubuhi alipiga randa, akakata mbao, akagonga misumari. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali. Alitoka mapema na kurudi jioni, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na mitatu. Watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Aliongea akila, akaongea akifagia. Baba yake alikuwa akimtania, "Mwanangu, vuta pumzi kwanza. Maneno hayana miguu, hayatakukimbia."

Siku moja Fundi aliishiwa misumari. Akamtuma Chiriku dukani, ng'ambo ya barabara. Chiriku hakufika. Pikipiki ilimgonga, ikamvunja mfupa wa paja.

Alilazwa hospitali wiki tatu. Aliporudi nyumbani, mguu mzima ulikuwa umefungwa plasta ngumu. Daktari alisema asiukanyage kwa miezi minne.

"Na shule je?" Fundi aliuliza.

Mwalimu wa darasa alikuwa mtu mwema. Alisema ataweka simu mbele ya ubao kila siku, ili Chiriku aone na kusikia masomo akiwa nyumbani. Kazi za kuandika angezipiga picha na kuzituma. Fundi alifurahi mno. Alinunua bando la intaneti, akampa binti yake simu, akatoa amri.

"Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa, simu hiyo usiiweke chini. Umenielewa?"

"Ndiyo, Baba."

Basi ikawa hivyo. Chiriku alilala chumba cha nyuma na simu yake. Fundi aligonga misumari kibarazani. Kila baada ya muda alipaza sauti:

"Unasoma?"

"Nasoma, Baba."

Fundi aliridhika. Hakutambua kwamba hayo maneno mawili ndiyo pekee aliyoyasikia kutoka kwa binti yake kutwa nzima.

Wiki ya nne, mwalimu wa darasa alipiga simu.

"Fundi, habari za kazi? Chiriku anaendeleaje?"

"Anasoma, Mwalimu. Simu haimtoki mkononi."

"Jina lake naliona kila siku, ni kweli. Lakini wiki tatu sasa hajaniletea kazi hata moja. Na leo nimemwita mara nne. Hakuitika."

Fundi aliweka nyundo chini, akaenda chumba cha nyuma. Pazia lilikuwa limefungwa. Simu ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya blanketi. Sauti ya mwalimu wa sayansi ilitoka chini yake, hafifu, kama ya mtu aliyefunikwa na kapu. Chiriku alikuwa ametazama ukuta.

"Ndiyo nini hii?" Fundi alifoka. "Mwalimu anakuita na wewe umelala! Mbona unaniambia unasoma?"

Chiriku hakugeuka. "Mimi sipo darasani, Baba. Iliyopo ni simu tu."

"Usinijibu kwa mafumbo!"

"Si mafumbo. Mwanzoni nilikuwa natazama. Kichwa kikaniuma. Nikiuliza swali, wenzangu wanapiga kelele, mwalimu hasikii. Sasa nimezoea kutokuwepo."

Mkono wa Fundi uliinuka wenyewe. Aliutazama, kisha akaushusha. Akatoka, akarudi kibarazani.

Alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, kichwa mikononi, mteja wake alipofika kuchukua kiti alichokuwa amekileta kutengenezwa. Mteja huyo alikuwa jirani, mama wa makamo aliyeishi ghorofani, nyumba ya pili. Alifundisha hesabu kwa kompyuta, na wanafunzi wake walikuwa watu wazima wa miji ya mbali. Alipohamia mtaani, majirani walimwonea huruma. Walimsikia akisema peke yake chumbani, "Vizuri sana! Nani mwingine?" Wakadhani akili zimemruka, masikini. Walipojua kazi yake walicheka, wakamwita Mwalimu wa Ghorofani.

"Fundi, kulikoni? Umefiwa?"

"Sijafiwa, Mwalimu, ila sijui la kufanya." Akamweleza yote.

Mwalimu wa Ghorofani hakusema pole wala hakutoa hotuba. Alisema, "Nipeleke nikamwone."

Walipoingia, alimsalimu Chiriku, kisha akavua viatu.

"Mwanangu, nipishe kidogo kwenye mto. Nataka kuiona simu kama unavyoiona wewe."

Chiriku alisogeza kichwa kwa mshangao. Mama mzima akajilaza pale ukingoni mwa kitanda, akainua simu juu ya uso wake. Akakaa hivyo, kimya. Kibarazani, kijana wa duka la mbao alikuwa anashusha mzigo, na kila ubao ulianguka kwa kishindo.

"Mkono umeshaanza kuniuma," Mwalimu alisema baada ya dakika tatu. "Ubao wa shule ni mdogo kama kadi. Kuna ujumbe umeingia mara tano, sijui nani anauza viatu. Na hizo kelele zinanipiga kichwani." Akaketi. "Fundi, nikikuambia utengeneze kabati ukiwa umelala chali gizani, huku mtu anagonga nyundo sikioni mwako, utaweza?"

"Hata mguu wa stuli sitaweza."

"Basi ndiyo kazi uliyompa mtoto. Kwa saa saba, bila kupumzika."

Chiriku alimtazama yule mama kama mtu aliyeletewa maji.

"Lakini Mwalimu," Fundi alisema, "si darasani wanakaa saa hizohizo?"

"Wanakaa, lakini wanasimama, wanacheka, wanaulizana. Kengele inalia, wanatoka nje. Kusoma kwa mbali si kutazama simu tu. Mtoto anatakiwa aandike kwa mkono wake, aulize, aeleze alichoelewa. Akisoma nusu saa, apumzishe macho, atazame mbali. Na awe na mtu wa kuzungumza naye kuhusu somo."

"Mtu gani? Mama yake yuko kazini. Mimi niliishia darasa la nne. Nitamfundisha nini?"

"Hutakiwi kujua majibu, Fundi. Muulize tu, 'Leo umejifunza nini? Nieleze na mimi.' Akikueleza ukaelewa, ujue ameelewa. Akikwama, atajua mwenyewe pa kurudia."

Walipotoka kibarazani, Mwalimu alishika kiti chake lakini hakuondoka.

"Unamkimbiza sana yule mtoto. Kwa nini?"

Fundi aliokota randa, akaiweka tena. "Mimi ndiye niliyemtuma misumari, Mwalimu. Asipofaulu, itakuwa nimemvunja mara mbili."

"Umeshamwambia hivyo?"

"Hapana."

"Mwambie."

Jioni mkewe aliporudi, Fundi alimsimulia mambo yote. Mama alilia kidogo, akajifuta. "Kesho nitamuuliza daktari kama anaweza kukaa," alisema. "Sisi tumeshika lile la kutokanyaga, tukamlaza kama mzigo."

Fundi aliingia kwa Chiriku, akakaa sakafuni, mgongo ukiegemea kitanda. Hivyo hawakutazamana usoni.

"Mwanangu, siku ile ningekwenda dukani mwenyewe. Nilikuwa naona uvivu. Nisamehe."

Chiriku alivuta blanketi kifuani.

"Nilidhani umenikasirikia," alisema, "kwa kuwa sikutazama barabara."

"Mimi? Nikukasirikie wewe?"

"Tangu nirudi hujanitania hata siku moja, Baba."

Fundi aliinamisha kichwa. Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Chiriku aliushusha mkono wake, akauweka juu ya bega la baba yake.

Kesho yake Mama alileta jibu la daktari. Chiriku aliruhusiwa kukaa kwa kuegemea mito, mguu umenyooshwa na kuinuliwa, ilimradi akichoka alale. Fundi hakungoja. Alihamishia kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha, mwanga ukitokea ubavuni ili usimulike kioo cha simu. Alitengeneza kimeza chepesi cha kuvuka juu ya kitanda. Juu yake aliweka kishikizo cha simu, usawa wa macho, na nafasi ya daftari.

Mwalimu wa Ghorofani alimwonyesha Chiriku namna ya kunyamazisha ujumbe mwingine wakati wa somo. Wakampigia mwalimu wa darasa, naye akakubali mambo mawili: ataisogeza simu karibu na ubao, na katika kila somo zitatengwa dakika tano za maswali ya Chiriku, darasa zima likiwa kimya. Kisha watatu hao, baba, binti na jirani, wakaandika ratiba kwenye karatasi. Marudio ya masomo magumu yaliwekwa asubuhi, kabla ya vipindi, akili ikiwa bado mbichi. Saa za kugonga nyundo ziliandikwa pia. Fundi alizitazama kwa masikitiko.

"Yaani hata mimi nimepangiwa ratiba?"

"Hata wewe," Chiriku alisema. "Na ukichelewa utapiga magoti."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kutania tangu aumie.

Mambo hayakunyooka kwa siku moja. Wiki ya kwanza, mtandao ulikatika katikati ya somo la hesabu. Chiriku alisukuma daftari, akalia. "Nimeshapitwa! Ndiyo basi!"

Fundi alitaka kumwambia anyamaze. Badala yake alipanda ghorofani, akarudi na ushauri. "Mwalimu anasema mtandao kukatika si kosa lako. Mwandikie mwalimu wako ujumbe sasa hivi, mwambie umeishia wapi. Halafu mwombe mwenzako mmoja apige picha ubao."

Chiriku alimwandikia msichana aliyekuwa akikaa naye dawati moja. Picha zilifika jioni. Baada ya picha, yule msichana akapiga simu. Walianza na hesabu, wakaishia kwenye umbea wa darasa. Kuanzia hapo walipigiana kila siku saa kumi, wakaulizana maswali kwa zamu. Aliyekosa aliimba.

Kila alasiri Fundi naye alivuta kiti karibu na kitanda. "Haya, nieleze na mimi."

Siku moja alikuja na meza ya duara iliyokuwa haijamalizika. Alitaka kuizungushia ukingo wa ubao mwembamba.

"Leo tumejifunza duara," Chiriku alisema. "Kwanza niambie, Baba, utajuaje urefu wa huo ukingo?"

"Hilo mbona rahisi? Napima upana katikati, nazidisha mara tatu na kidogo. Marehemu babu yako ndiye aliyenifundisha."

Chiriku alikodoa macho. "Baba! Hiyo 'na kidogo' ina jina! Inaitwa pai!"

"Ina jina?"

"Ina jina, na hesabu yake iko kwenye kitabu!"

Akamwandikia. Wakapima meza kwa kamba, wakalinganisha. Jibu likaja sawasawa. Chiriku alicheka hadi akashika mguu kwa maumivu. Fundi alikaa akiitazama ile karatasi. Miaka thelathini alikuwa amefanya kazi na kitu ambacho hakujua kina jina.

Mtihani wa mwisho wa muhula Chiriku aliufanyia nyumbani, msimamizi kutoka shuleni akiwa ameketi kando yake. Alipata sabini na mbili katika hesabu. Sayansi alipata sitini na tano. Historia ilimshinda, akapata arobaini na moja, na hakuficha karatasi.

"Hii nitaanza kuisoma kwa sauti," alisema. "Nikisoma kimyakimya nasinzia."

Plasta ilikatwa mwezi uliofuata. Mguu ulikuwa umekonda, na daktari alisema utachukua muda kupata nguvu. Chiriku alirudi shuleni kwa magongo. Alitembea polepole, na ngazi zilimtesa. Mama alimwangalia kila asubuhi mpaka akapotea kwenye kona, ndipo na yeye akaenda zamu.

Jumamosi moja mwalimu wa darasa alifika nyumbani.

"Kuna msichana wa darasa la chini," alisema. "Figo zinamsumbua. Atasoma akiwa nyumbani mwaka mzima. Simu anayo, masomo anayapata, lakini mama yake anasema haongei na mtu. Nikakukumbuka, Chiriku."

Chiriku alimtazama baba yake. Fundi akamwachia aamue mwenyewe.

Chiriku alichukua namba, akapiga. Upande wa pili simu ilipokelewa, lakini hakuna aliyesema.

"Hujambo? Mimi simo kwenye darasa lako, nasoma la juu yako," Chiriku alisema. "Huna haja ya kuongea sana. Nijibu hili tu. Hapo ulipo, kuna dirisha?"

Kimya. Kisha sauti ndogo ikasema, "Lipo. Lakini liko mbali na kitanda."

"Kuna mtu mzima hapo nyumbani?"

"Mama. Yuko jikoni."

"Basi muite, akusogezee kitanda. Usikate simu. Mimi nasubiri."

Alisikia yule mtoto akiita. Alisikia nyayo za mtu akija, kisha kitanda kikikwaruza sakafu, kikakwama, kikaendelea. Chiriku akavuta daftari karibu, akafungua ukurasa mpya, akasubiri.