Filamu Iliyofunguliwa Juani

Wenzangu wa Kakamega, hasa nyinyi mlio katika ndoa, kaeni karibu. Kisa hiki kilitokea mjini mwetu mwaka wa 1994, katika nyumba iliyojulikana kwa vicheko.

Shikanga alikuwa mpiga picha. Mkewe, Milcah, alizipunguza picha kingo na kuzipanga dirishani mwa studio yao. Asubuhi ya tamasha la utamaduni walikunywa chai pamoja.

"Baba Were, usimalize filamu yote kwa wachezaji," Milcah alimtania mumewe. "Ubakishe yangu moja."

Lakini uwanjani furaha ile iliingia doa. Ngoma za isukuti zilikuwa zikinguruma. Nabwire, kiongozi wa wachezaji, alivaa ngozi ya mbega mabegani, na Shikanga alikuwa amepiga goti mbele yake akimnyooshea shanga.

"Geuka kidogo. Hapo hapo! Umetoka kama malkia!"

Kila kamera ilipolia, Milcah alichomwa moyoni. Yeye aliitwa malkia lini?

"Kwani hukujua?" alinong'ona Selpher, jirani yake muuza nyanya. "Bwanako huendanga kwa huyo kila Jumapili. Sisi tunaonanga tu, tunanyamaza. Wewe endelea kukata karatasi, dada."

Milcah aliondoka ngoma zikiendelea. Na tazama, msomaji: hakumuuliza mumewe hata neno moja.

Shikanga alirudi jua lingali kali, uso umejaa furaha. "Mama Were, huwezi kuamini ni nani amekubali leo..."

"Peleka hadithi zako kwa malkia."

Shikanga alicheka, akidhani ni mzaha, akaenda kuoga. Kamera akaiacha mezani.

Milcah alijua la kufanya, maana mumewe mwenyewe ndiye aliyemfundisha: mwanga ukiingia, picha zote zinaungua. Aliibeba kamera hadi uani, akafungua kifuniko chake cha nyuma, akaivuta filamu yote nje kama mtu anayetoa utumbo wa kuku. Kwa muda mfupi alijihisi mwepesi.

"Mama Were! Unafanya nini?" Shikanga alisimama mlangoni, sabuni masikioni.

"Namtoa malkia wako kwa nyumba yangu!"

Shikanga aliketi chini kwenye nyasi. "Mama yangu yuko humo," alisema.

Kukhu Rasoa, mama yake Shikanga na nyanya wa watoto, alikuwa ameikataa kamera maisha yake yote, ila ile ya kitambulisho. Picha ya heshima ilitaka mavazi ya wazee, na mavazi hayo si ya kuchezewa, alisema. Hata hivyo alihofu kuzikwa bila picha nzuri ya kuwekwa kwenye jeneza, wajukuu wasimjue. Mtu pekee ambaye mama huyo alikubali kumsikiliza kuhusu mambo ya mavazi hayo alikuwa Nabwire, na ndiyo sababu Shikanga alikwenda kwake kila Jumapili kumsihi amshawishi mzee. Siku ile, Milcah alipokwisha kuondoka, Rasoa alifika uwanjani na ngozi yake, shanga zake za ndoa na taji la makombe ya kauri. Alisema ni mara moja tu.

Kesho yake Milcah alikwenda kumpigia magoti.

"Mama, nimekukosea. Vaa tena, nakuomba."

Rasoa alimshika mkono, akamwinua. "Hapana, mwanangu. Zile nguo nimeshampa Nabwire. Nilizivaa kwa kuziaga." Kisha akaongeza polepole, "Na nilimwambia Shikanga picha ile ikae kwako."

Hakumkaripia. Heri angemkaripia.

Msimu wa kuvuna mahindi Rasoa alifariki. Kwenye jeneza waliweka picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka macho yakawa madoa mawili meusi. Watoto walipita mbele yake wakiulizana ni nani huyo pichani.

"Ni kukhu wenu," Milcah aliwaambia. "Siku moja alivaa mavazi ya wazee, akapendeza sana."

"Alikaa vipi na hayo mavazi, mama?" aliuliza mwanawe, Were.

Milcah aliitazama ile picha ya kitambulisho. Siku ile hakubaki uwanjani kuona.

FUNZO

Ndugu zangu, wivu hutupa majibu kabla hatujauliza swali. Ukiona jambo linalokuuma kwa mwenzako, mkalishe, mwulize, kisha umsikilize mpaka amalize. Neno la jirani lisikutume kuharibu kitu ambacho hujui ndani yake kuna nani. Naamini nyumba zetu nyingi zinaweza kuokolewa kwa swali moja lililoulizwa mapema, kwa upole.