Tumbo la Mfarishi

Mtu akiniambia mifarishi yetu ya viraka ni matambara, namwambia akamuulize rafiki yangu Khatumbi.

Siku hiyo ya mvua Khatumbi alikwenda kwa kaka yake kuazima kinu. Kupita zizini, akaona ng'ombe mgonjwa amefunikwa mfarishi alioushona marehemu mama yao.

"Wifi Ramijabi! Huu si ndio uliokufunika ulipojifungua?"

"Tambara hilo, wifi. Kama linakuuma, libebe."

Akaubeba. Akaufua, akaukausha motoni, akakaa kuziba katikati palipochanika. Kwetu sisi Wasidi, watu wa India wenye asili ya Afrika, hapo ndipo tumbo la mfarishi, na hatulifungi bila kutia punje za mchele, lisikae na njaa. Lakini Khatumbi alikuwa amefura kwa hasira.

"Chakula kadai kwa aliyekutupa zizini!" akauambia, akalishona tumbo tupu, akakaza fundo.

Usiku umeme ukakatika. Gizani akasikia kitu kinatafuna, polepole, kama bibi kizee mwenye meno machache. Akadhani panya, akapiga sakafu kwa kandambili. Kikaendelea kutafuna.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Ramijabi, ameloa chapachapa, analia.

"Wifi, umenifanyia nini? Debe langu la mchele halina hata punje, na mfuniko umefungwa vilevile!"

Khatumbi alifungua mdomo amtukane, lakini mkono wake ulikuwa juu ya mfarishi. Mishono yote ilikuwa mizima. Tumbo lilikuwa limetuna, lina joto, na ndani yake bado kulikuwa kunatafunwa.