Aliyefungua Bunda

Njagi alitumwa nyanya. Basi. Nyanya na dhania pale soko la Gakoromone, jua likizama, vitunguu vimeshakatwa vinangoja. Mtu mwingine angeenda akarudi na hadithi ingeishia hapo. Lakini Njagi wa Runyenjes hakuwa mtu mwingine. Muulize mwenyewe, atakwambia.

Shule aliiacha kidato cha pili, na akikusimulia utadhani shule ndiyo iliyokimbia. Sasa alikuwa Meru mjini, orofa ya juu kabisa ya ploti moja nyuma ya soko, akijifunza Kiarabu ili aende Uarabuni kutafuta kazi. Alikaa na wenzake wawili. Koome alitoka Maua, kwa wenye miraa yao, na maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya Januari. Mutugi alitoka Chuka, na ndiye aliyekishika Kiarabu kuliko wote.

Vitanda vilikuwa vinne.

Cha dirishani hakikulaliwa. Kilikuwa cha Kaburu, kijana aliyesomea humo humo, akapanda ndege, na kilichorudi kikawa habari tu. Alizikwa huko huko, mchangani. Hakuna aliyekikalia kile kitanda. Hata Njagi, asiyeogopa kitu chini ya jua, soksi zake alizitupa mbali nacho.

Sheria ya nyumba ilikuwa moja: jua likizama, Kiarabu tu. Ukiteleza, unaosha sufuria. Kwa hiyo Njagi aliosha sufuria kila siku ya Mungu. Ruhusa ilikuwa ya kitu kimoja, simu ya mama. Mama yake alipiga kila jioni, akamsalimia kwa Kiembu, akaomba naye kwa Kiembu mpaka amina.

"Mtoto wa mama," Mutugi humcheka, "nyonya ulale."

"Wivu tu. Wako hana hata bando."

Alijibu hivyo kwa kelele. Lakini simu ile haikumpita hata siku moja. Ingempita, asingepata usingizi. Hilo hakumwambia mtu.

Sasa turudi kwenye nyanya.

Alipofika mlangoni mwa ploti, stima zilipotea. Soko zima likasema "Aaaah!" kwa pamoja, kisha kimya. Njagi akaanza kupanda ngazi gizani, mfuko mkononi, akipiga mluzi.

Mluzi ukakatika.

Harufu… Kwanza udi, ule wa kuchomwa. Chini ya udi, baridi. Baridi yenye harufu, kama mwenye bucha amefungua friji la nyama.

Mtu alikuwa amesimama pale ngazi zinapokata kona, penye mwanga hafifu wa dirisha. Koti refu. Sanduku pembeni, limezungushiwa nailoni kama la wasafiri wa ndege. Uso haukuonekana.

"Wewe ni wa huko juu?" alinong'ona.

"Juu kabisa. Uliza Njagi, mtaa wote unanijua."

Mtu yule hakucheka. Alinyoosha mkono. Mkononi kulikuwa na bunda la miraa, limefungwa kwa majani mabichi ya mgomba, kamba yake imesokotwa vizuri mno, kana kwamba ni zawadi ya harusi.

"Wape wenye nyumba." Maneno yalitoka mazito, moja moja, kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani. "Nimekuja kuomba."

"Kuomba nini?"

Bunda likasogezwa karibu zaidi.

Mtu wa busara angerudi sokoni. Njagi alichukua. Miraa ya bure, nani anakataa? Kwao Embu wanatafuna mugukaa, ile miraa ya majani matupu, na Koome hakuchoka kumwambia kwamba wanakula majani kama mbuzi. Leo mbuzi ataonja mti. Alipopita orofa iliyofuata, alikata kamba kwa meno, akabandua ganda la kijiti cha kwanza, akatafuna.

Kilikuwa kitamu.

Halafu kikawa na mchanga.

Akatema, akafuta mdomo, akasukuma mlango wa nyumba, akaingia na kutia komeo. Mshumaa ulikuwa unawaka mezani.

"Ahlan!" akasalimia kwa mbwembwe. "Jamani, Muembu amewaletea chakula cha kwenu."

Mutugi akaanza kucheka. Koome hakucheka. Alikuwa anatazama majani ya mgomba, na ile kamba iliyokatwa. Alipofungua mdomo, aliisahau sheria ya nyumba.

"Nani amefungua?"

"Mimi. Kwani limeandikwa jina lako?"

"Njagi. Hilo si la kuuza." Sauti ya Koome ilishuka. "Hilo ni ncoolo. Kwetu, mtu akitaka kitu kikubwa, kama msichana wa watu au kusamehewa damu, hasemi. Anatuma bunda hilo. Wenyewe wanakaa nalo hivyo hivyo limefungwa, wanamuuliza unaomba nini. Wakikataa, linarudi na kamba yake. Ukikata kamba…"

"Ukikata kamba nini?"

"Umeshakubali."

"Nimekubali nini sasa?"

"Hapo ndipo ungemuuliza kwanza, bwana!"

Hodi.

Haikuwa sauti. Ilikuwa kucha tu, zikipita polepole juu ya mbao za mlango. Udi ukaingia kwa chini. Mwali wa mshumaa ukalala upande.

"Ni huyo?" Mutugi alinong'ona.

Njagi aliitikia kwa kichwa.

Koome alijikaza. "Unaomba nini?" aliuliza mlango.

Jibu lilikuja kwa Kiarabu. Kiarabu laini, cha kooni, ambacho hata mwalimu wao hakukiweza. Njagi hakuambulia neno. Alimtazama Mutugi, na Mutugi akatafsiri.

"Anasema… amelala mahali ambapo hakuna anayemsikia. Anasema lugha ya nyumbani imemtoka yote, na Kiswahili kimemwishia pale ngazini, imebaki hii ya huko tu. Anaomba mdomo wa kuongea na mama."

Koome akageuka kukitazama kitanda cha dirishani.

"Mama yake Kaburu tulimzika mwaka jana," alisema. "Nilikuwa matangani."

"Basi anataka kuongea na mama gani?" Njagi aliuliza.



Koome alimrundikia miraa iliyobaki mikononi, na majani, na vipande vya kamba. "Wewe ndiye uliyefungua. Wewe ndiye wa kukataa. Mwambie hukujua. Mwambie hapana. Neno moja, Njagi. Mdomo wote huo ulio nao, leo tunataka neno moja!"

Njagi alisogea mlangoni. Akavuta pumzi. Akalishika lile neno, hapana, akaliweka juu ya ulimi kabisa. Akafungua mdomo.

"Tafadhal," mdomo wake ukasema.

Kwa Kiarabu: karibu, ingia.

Mshumaa ukazimika.

Kitu kilimpita. Baridi, taratibu, bega kwa bega, kama mgeni anayepisha asimkanyage mwenyeji. Spring za kitanda cha dirishani zikalia… kriii…

Stima zikarudi.

Hapakuwa na mtu. Mlango ulikuwa bado umefungwa kwa komeo. Kutoka mlangoni hadi dirishani kulikuwa na mstari mwembamba wa mchanga mweupe, na godoro la Kaburu lilikuwa limebonyea katikati.

Vitunguu havikukaangwa. Wote watatu walijibana kwenye kitanda kimoja, taa inawaka, kila mmoja ameshika chake cha kuombea.

Na simu ya mama haikulia.

Asubuhi Njagi alikuwa Njagi tena. Darasani mwalimu alimuuliza swali la kumkejeli tu, kama kawaida. Njagi akajibu. Akajibu kwa sentensi ndefu, herufi za kooni zikitoka safi, mwalimu akavua miwani.

"Nani amekufundisha wewe?"

"Kichwa, mwalimu. Wengine tulizaliwa nacho."

Darasa zima lilipiga makofi. Koome na Mutugi hawakupiga.

Alirudi kupitia sokoni kifua mbele. Mama mmoja muuza mugukaa, mtu wa kwao anayemjua siku zote, akamwita na kumwambia maneno kwa Kiembu. Njagi alisimama. Sauti aliisikia. Midomo aliiona ikienda. Lakini maneno yalimteleza kama maji juu ya jani la nduma. Yule mama akarudia, akicheka. Hakuna kilichoingia. Alikitafuta Kiembu kichwani, hata lile neno la kuomba maji, hata salamu aliyoamshwa nayo tangu utotoni.

Palikuwa peupe.

Alipanda ngazi mbio, akampigia mama. Jua lilikuwa linazama. Simu ilipokelewa na dada yake, Caroline, akaanza kwa Kiembu.

"Caro, ongea Kiswahili."

"Heh! Umekuwa wa mjini?" Akacheka. "Njagi, kwani umesahau nini? Si umemaliza kuongea na mama sasa hivi?"

Njagi alikaa chini. Alikaa kitandani, bila kuangalia ni kipi.

"Mimi?"

"Acha mchezo wako. Na jana mliomba mpaka mama akalia. Anasema hujawahi kuomba vizuri hivyo, polepole, kama mtu mzima. Kiembu kile hata shosho, na uzee wake wote, alikisifu." Nyuma ya Caroline kuku walikuwa wanaingizwa bandani. "Amefurahi umesema unakuja nyumbani. Chai iko jikoni. Na ule mzigo wako umefika."

"Mzigo gani?"

"Uliotuma na gari la mugukaa. Umefungwa majani ya mgomba, na kamba nzuri sana. Mama anaufungua hapa."

Njagi alisimama. Msifungue! Alilitia neno nguvu zote, akalipiga kelele mpaka kuta za chumba zikaitika.

"La taftahihi!"

Akajaribu tena. Likatoka lile lile, sanifu, kila herufi mahali pake.

"Mama, njoo usikie mtoto wako!" Caroline alikuwa anacheka hadi anakohoa. "Kiarabu amekijua kabisa!"

Na kwa mbali, nyuma ya kicheko, Njagi aliisikia sauti yake mwenyewe ikibisha hodi kwa Kiembu. Kisha jani bichi la mgomba likichanika, polepole.