Zimwi Lililokula Senene na Mabawa

Haya kanisimulia Felicitas, jirani yangu hapa Rwamishenye, Jumapili iliyopita tukimenya ndizi. Mengi aliyaona mwenyewe. Simu ilipolia alikuwa kwao Kamachumu, Muleba, amekaa na Maimuna, binti wa ndugu yake.

"Maimuna, umeniaibisha redioni!"

Ni Haruni wa Miembeni, Bukoba mjini, mchumba wake. Kijana yule alichora filamu ya katuni miaka mitatu, kichekesho cha watoto, zimwi nene linaloogopa kuku. Na Maimuna kila Jumamosi husema redioni filamu ipi nzuri, ipi mbovu.

"Nimesema watoto walicheka mpaka wakaanguka kwenye viti. Hilo hukulisikia?"

"Nimesikia la senene."

"Zimwi lako linakula senene na mabawa, Haruni! Na miguu, bila kunyonyoa! Ukumbi mzima wa Bukoba uliguna. Ningelinyamazia hilo, nani angeniamini nikikusifu?"

"Gazeti la Dar limeandika ni katuni bora ya mwaka!"

"Wa Dar wanamjua senene? Kwao ni panzi tu."

"Basi posa isubiri. Siwezi kuoa mtu wa kunichoma mbele za watu."

Akakata. Maimuna akafuta macho kwa kanga.

"Shangazi, nampenda. Lakini neno langu silirudishi."

Kule Miembeni mama yake Haruni, Bi Mwamvita, alikuwa amesikia yote.

"Mwanangu, umewahi kunyonyoa senene?"

"Sokoni wanauzwa wamekaangwa, mama. Ninyonyoe wa nini?"

"Basi binti wa watu kasema kweli. Nenda kaombe radhi, na mikono yako uipeleke kazini."

Kesho yake huyo, Kamachumu. Kawakuta wanawake mkekani, gunia la senene katikati.

"Shikamooni, waitu," akawaamkia kwa heshima ya Kihaya. "Nimekuja kunyonyoa."

"Marahaba, mwanamume wa mjini!" Felicitas akasogea. "Kaa, tukuone."

Senene wa kwanza akamponyoka. Wa pili akamwingia shingoni, Haruni akaruka juu kama zimwi lake lilipoona kuku. Wanawake hoi kwa kicheko. Naye akacheka, mara akavitazama vidole vyake.

"Maimuna, nipe kalamu."

"Ya nini tena?"

"Zimwi lina vidole vinene kuliko vyangu. Litawanyonyoaje?"

Akachora palepale, nyuma ya karatasi ya sukari. Alipomaliza hakuinua uso.

"Nisamehe. Kosa lilikuwa langu, nikalitupia kwako."

"Nyonyoa kwanza," Maimuna akasema, ila alikuwa anatabasamu.

Mwezi mmoja baadaye, Haruni akiwa ameichora upya sehemu ile, Maimuna akasema redioni hivi:

"Nimeitazama upya hapa Muleba, pamoja na watoto mia mbili. Zimwi linahangaika kunyonyoa, senene wanalitoroka mpaka wa mwisho! Hata wazee wametokwa machozi kwa kucheka. Katuni hii ni yetu. Na aliyeichora ni mchumba wangu, mjue wote!"

Siku ya posa Maimuna kampa Haruni senene aliowanyonyoa mwenyewe tangu alfajiri. Kwetu Wahaya mwanamke akikupa senene, haitoshi kumjibu kwa asante tupu, unamjibu kwa nguo mpya. Mtoto wa Miembeni alikwisha kujifunza: akatoa kitenge cha zambarau, wazee wakapiga makofi.

"Huyu sasa ni wa kwetu," akasema Felicitas.

Wageni wakala, wakaaga. Jua bado lipo, Maimuna akajifunga kitenge chake, akakaa mkekani, ati kidogo tu, usingizi ukamchukua. Haruni akakataza asiamshwe. Maimuna akalala fofofo, bawa moja la senene limenasa kwenye nywele.