Diski Iliyokaa Meza Moja na Cherehani

Chumba kilikuwa kimoja, kazi zilikuwa mbili. Upande wa mlangoni mume alipiga picha za watu. Upande wa dirishani mke alishona. Meza ndefu waliigawana: huku cherehani, kule kompyuta ya picha. Kompyuta hiyo haikuzimwa mchana wala usiku, maana wateja waliona picha zao humo kupitia simu. Kompyuta ya kuhudumia watu namna hiyo huitwa seva.

Mshonaji aliipenda sauti ya chumba. Cherehani ilisema trrr, na diski ya kutunzia picha ndani ya kompyuta ikajibu vuuu, kama nyuki wawili wanaosimuliana. Mara nyingine alisinzia sindano ikiwa mkononi.

Kila Jumanne alikuja babu mmoja, mteja wao. Macho yake yalikuwa yanafifia. Picha zake za karatasi ziliharibiwa na mvua, zikabaki zile za kwenye diski tu. Alitaka kumtazama marehemu mkewe, akiwa mkubwa kujaa kioo cha kompyuta, kabla giza halijafika.

"Umemwona, Babu?" mpiga picha aliuliza.

"Namwona kama yumo ndani ya maji. Anacheka. Ananicheka mimi na suruali yangu ile!"

Picha zilipita polepole, kama mawingu. Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio, ili kelele isimkatize mzee.

Jumanne moja picha hazikufunguka. Ndani ya kompyuta kitu kiligonga: tik, tik, tik.

"Kulikoni?" babu aliuliza. "Amenuna?"

Mpiga picha akainua mkono aipige kompyuta kofi.

"Thubutu!" mkewe alisema. "Ugonjwa wa ndani hautibiwi kwa kofi."

Akaizima, akamwita jirani yao. Jirani huyo alitunza kompyuta za hospitali, na mtaa mzima ulimwita Bi Nyaya.

"Umefanya vyema kuizima, dada," Bi Nyaya alisema. "Diski inayogonga ukiiacha inaendelea kujikwaruza." Akaweka glasi ya maji mezani. "Hebu shona kidogo."

Mshonaji akakanyaga. Maji yakatetemeka.

"Mmeona? Ndani ya diski hii kuna sahani inayozunguka kasi sana. Juu yake kuna mkono mwembamba unaosoma bila kuigusa. Nanyi mmeiweka kwenye tetemeko la ardhi miaka miwili!"

Mshonaji aliondoa mguu kwenye kanyagio. "Basi nimemwondoa mke wa Babu mara ya pili."

"Wapi!" babu alisema. "Yule hashindwi na kelele. Alikuwa na kelele kuliko cherehani yako."

"Kosa si lako peke yako," Bi Nyaya alisema. "Shemeji, diski hii uliichagua kwa kigezo gani?"

"Bei," mpiga picha alijibu, akitazama vidole vyake.

"Ni ya kompyuta inayowashwa saa chache kwa siku. Umempa mtu ndara akalimie shamba!"

Bi Nyaya aliipeleka diski kwa fundi wa kuokoa picha. Wiki mbili mshonaji alishona huku akisikiliza mlango. Hatimaye jibu lilikuja: picha zote zimepona, isipokuwa tatu.

"Sasa tufundishe kununua," mshonaji alimwambia Bi Nyaya. "Nasikia kuna diski zisizozunguka. Hazifai?"

"Zinafaa. Zina kasi na hazisumbuliwi na mtetemo. Ila nafasi kubwa ni ghali. Kwa picha nyingi, chukueni ya kuzunguka iliyotengenezwa kwa seva. Someni maelezo yake: iwe ya kufanya kazi mfululizo, tena yenye udhamini wa miaka kadhaa. Iliyokwisha kutumika msichukue, hata ikipanguswa ikang'aa."

"Moja inatosha?"

"Hapana. Hakuna diski isiyokufa. Wekeni mbili zinazoandika kitu kilekile kwa pamoja. Moja ikifa, mwenzake anaendelea. Lakini ukifuta picha kwa bahati mbaya, itafutika kwenye zote mbili. Mwizi naye hubeba sanduku zima la kompyuta. Kwa hiyo nakala ya tatu ilale nyumba nyingine."

Wakafanya hivyo. Seva ilihamia rafu ya ukutani, mbali na meza. Nakala ya tatu ililala kabatini kwa dada yake mshonaji. Kila Ijumaa mshonaji aliichukua, wakaongeza picha mpya, akairudisha.

Miezi mingi ilipita. Jumanne moja babu alikuwa amekaa, uso karibu uguse kioo. Taa ndogo kwenye seva ikageuka nyekundu. Diski moja ilikuwa imekufa.

Mshonaji alimwita Bi Nyaya kwa ishara ya mkono kupitia dirishani. Jirani aliingia viatu mkononi, asimkatize mzee. Sanduku la seva yao liliruhusu kubadilisha diski bila kuzima. Akachomoa iliyokufa, akachomeka mpya waliyoiweka akiba, taratibu kama anayemfunika mtoto shuka.

Kwenye kioo mke wa babu, ndani ya gauni lake la njano, hakupepesa hata jicho.

"Mbona kimya?" babu aliuliza.

"Tunakusikiliza wewe, Babu," mshonaji alisema. "Gauni hilo alishonewa wapi?"

"Alishona mwenyewe," babu alisema, akasogea karibu zaidi. "Ngoja nikusimulie."