Wimbo Bila Gitaa

Mchana ule soko la vifaa vya umeme lilifurika watu. Redio kumi zilipiga nyimbo kumi kwa pamoja, na kijana mrefu mwenye koti jeusi la ngozi alipenya katikati yao, amplifaya kifuani, kama aliyebeba mgonjwa. Alikuwa mwimbaji wa bendi ya roki. Kwa sauti yake ya kukwaruza, mashabiki walimwita Msasa. Amplifaya ilikuwa ya kaka yake, mpiga gitaa wa bendi, aliyefariki kwa ajali miezi mitano iliyopita.

Mbele ya kibanda kimoja miguu ilimgoma. Dada mwenye ovaroli ya buluu na kitambaa cha njano kichwani alikuwa akijaribu kinanda alichotoka kukitengeneza. Mkono wa kushoto ulitembea taratibu, wa kulia ukaufukuza.

"Kaka, unanizibia mwanga," alisema bila kuinua macho.

"Samahani. Ulijifunza wapi kupiga hivyo?"

"Hapahapa. Nikitengeneza lazima nijaribu. Wenzangu hujaribu dakika moja, mimi saa nzima. Hicho kina nini?"

"Kimepoteza sauti."

"Na wewe? Unatikisa mguu kama anayengoja kuitwa na daktari."

Msasa akacheka. Tangu mazishi hakuwahi kucheka.

Kesho yake alirudi na redio. Dada yule, ambaye soko zima lilimwita Fundi, akaiwasha, ikaimba vizuri tu.

"Redio hii ni nzima."

"Nilidhani inaumwa."

"Anayeumwa namwona," alijibu Fundi, na safari hii aliinua macho.

Simu zikaanza. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula moshi wa lehemu. Wewe?" "Nimekula kelele za Nyundo." Nyundo alikuwa mpiga ngoma wao, rafiki wa marehemu tangu shuleni. Walikuwa wamewajaribu wapiga gitaa sita, na Nyundo aliwakataa wote sita. Ndipo Msasa akamleta Fundi kwenye chumba cha mazoezi, chumba chenye magodoro ukutani na joto la tanuri. Alipogusa kinanda, nyimbo zao za zamani zilipunguza mwendo, zikawa na nafasi ya kuvuta pumzi. Mpiga besi, mtu asiyependa maneno, alitikisa kichwa kukubali. Nyundo aliangalia dirishani.

Jumanne moja, Fundi akiwa ameshaondoka mazoezini, Msasa alimpigia kumtakia usiku mwema, kisha akaitupa simu mfukoni bila kuikata. Fundi akasikia kila kitu.

"Huyu ndiye anayechukua nafasi ya kaka yako?" aliuliza Nyundo.

"Hapana. Anatuzibia pengo tu, mpaka tupate mpiga gitaa," alijibu Msasa.

Kuanzia jioni hiyo simu ya Fundi iliita bila kupokelewa. Siku ya tatu alituma ujumbe mmoja: *Pengo limeondoka. Zibeni wenyewe.*

Msasa hakutulia. Alitembea mitaani hadi soli zikamchoma, akaanza nyimbo na kuziacha katikati. Mwishowe akafika kwa mama yake, akazunguka sebuleni mpaka mama akaweka kisu cha mboga chini.

"Kaa, mwanangu. Unanitia kizunguzungu." Msasa akamsimulia habari za Fundi akiwa bado amesimama.

"Tukibadilisha muziki, mama, kaka atakuwa amekwenda kabisa."

"Amekwenda. Mimi nilimzika mara moja, na ilinitosha. Wewe unamzika kila mnapofanya mazoezi. Sasa umeanza kuzika na walio hai."

Msasa alikaa. Akalia kwa muda mrefu, mama akimshika bega, kisha akaondoka kuelekea sokoni.

Fundi alikuwa ameinamia spika. "Tumefunga."

"Mlango uko wazi."

"Kwako umefungwa."

"Nilisema maneno yale," alisema Msasa, "na siku ile niliyamaanisha. Niliogopa. Ulipopiga, wimbo ulipendeza kuliko zamani, nikajiona msaliti."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Na leo?"

Msasa akatoa simu, akampigia Nyundo na kuweka sauti ya nje. "Ndugu yangu, hatutafuti tena mpiga gitaa. Fundi ni wa bendi. Kama hutaki, niambie."

"Sitaki," alisema Nyundo. "Lakini tangu aondoke nimeshindwa kupiga hata wimbo mmoja nikaupenda. Mwambie arudi. Asitegemee nimchekee."

"Sikuja kuchekewa," alisema Fundi kwenye simu. Kisha, kwa upole, "Nitarudi, kaka."

Onyesho lao lilikuwa Jumapili alasiri. Wimbo wa kwanza ulipoanza kwa kinanda, watazamaji walipaza sauti kudai gitaa, na watu kama thelathini wakatoka nje. Msasa aliimba kwa sauti ya chini ambayo hakujua anayo. Waliobaki walisogea karibu na jukwaa. Nyundo alipiga akilia waziwazi, na hakukosea hata pigo moja.

Baadaye, nyuma ya jukwaa, Msasa na Fundi walikuwa wakikunja nyaya.

"Nataka nije kwenu," alisema Msasa.

"Kufanya nini?"

"Kumwona baba yako. Nikupose."

"Baba hapendi watu wa kelele."

"Nitakuja na mama. Yeye ndiye ataongea."

Fundi alivuta waya mpaka Msasa, aliyeshika ncha ya pili, akamfikia.

"Basi mje Jumamosi," alisema. "Na ukifika, mpenzi, tafadhali usitikise mguu."