Sindano Ndani ya Saa ya Venant

“Wee! Usivute hivyo, utaikata!”

Apiyo alimpiga Venant kikofi cha mkono, akamnyang’anya saa.

“Mkanda wa chuma haupunguzwi kwa meno, baba. Lete hapa, nina vifaa.”

Venant alicheka, akajivuta karibu naye kwenye kochi. Walikuwa sebuleni kwa Apiyo, Igogo, Mwanza, mvua imekatika sasa hivi na cherehani imefunikwa kanga. Ile saa ilikuwa inamcheza mkononi, akishusha mkono inamteremkia hadi kwenye vidole. Naye alikuwa anataka kuivaa siku ya harusi yake, harusi yenyewe wiki ijayo.

“Nitolee pingili mbili tu, mke wangu.”

“Mke wako nani? Subiri Jumapili padri amalize tangazo la tatu la ndoa.”

“Mawili yamepita salama. Nani atasimama la tatu aseme ana pingamizi? Wewe ni wangu, kubali.”

“Shika tochi wewe, acha maneno.”

Venant akawasha tochi ya simu. Apiyo akatandika taulo mezani ili pini zisipotelee sakafuni, akalaza saa kiubavu, akachukua sindano nene ya kushonea magunia na nyundo yake ndogo. Kwa ndani ya mkanda kulikuwa na vimishale vinavyoonyesha pini inatokea upande gani. Akafuata mishale, akagonga taratibu. Pini ya kwanza ikatoka. Ya pili ikatoka. Ya tatu ikagoma.

“Hii ina nini?” Akaibana kwa plaizi, akaivuta.

Haikuwa pini. Ilikuwa kipande cha sindano ya cherehani, kimekatwa juu kidogo ya tundu, na kwenye ncha kimepakwa rangi ya kucha ya zambarau kisichomoke.

Apiyo alikiangalia. Akakiangalia tena. Kile kipande alikikata yeye mwenyewe, na ile rangi aliipaka yeye, iliyobaki baada ya harusi yake ya kwanza.

“Vipi, imekuchoma?”

“Kidogo.” Akakiweka kipande juu ya taulo. “Venant, hii saa uliinunua wapi vile?”

“Nansio, kule kisiwani. Si nilikwambia? Ile siku tulivuka na wenzangu wa kazini kwenda msibani. Kuna jamaa anauza mitumba pale sokoni, Paulo. Ana utani huyo! Aliivua mkononi mwake mwenyewe akaniuzia. Kwani vipi, feki?”

“Hapana. Ni ya kweli kabisa.”

“Sasa mbona uso umekubadilika?”

“Nimechoka tu. Niachie, nitaimaliza kesho.”

Ngoja nikwambie kilichombadilisha uso mwanamke huyu. Mume wake wa kwanza, Ojuok, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Miaka mitatu iliyopita alitoka nyumbani na saa hiyo mkononi, akapanda mtumbwi wenye injini, upepo ukachafuka. Mtumbwi ulikutwa umepinduka. Mwili haukuonekana. Wakatafuta mpaka wazee wakasema basi, wakarudi kwao Rorya wakafanya kama mila ya Wajaluo inavyotaka mtu anapopotelea majini. Walichuma tunda la mwegea, lile refu wanaloliita yago, wakalivika sanda, wakalizika kaburini badala yake. Apiyo alililia tunda lile hadi sauti ikakauka.

Na kama maiti hiyo ilikuwa inauza mitumba Nansio, basi hakuna harusi. Kanisa haliozeshi mke wa mtu.

“Apiyo!” Sauti ya Bibi Sabina, mama yake Ojuok, ilitokea jikoni. “Mkwe wangu bado yupo? Asiondoke bila kula!”

“Nipo, mama!” Venant akajibu kwa furaha.

Bibi Sabina hakuwa na mtoto mwingine. Baada ya msiba alihamia kwa Apiyo, na Venant alipokuja kuposa, ni yeye aliyemwita mkwe kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. Alisema huyu si mkamwana wangu tena, huyu ni binti yangu, namwoza mwenyewe.

Ijumaa yote Apiyo alishona. Jumamosi asubuhi akavaa viatu.

“Mama, navuka Nansio. Kuna mteja ana vitambaa vyangu.”

“Nansio?” Bibi Sabina akaingia jikoni, akarudi na andazi limefungwa kwenye gazeti. “Mkifika katikati ya maji, mtupie mwanangu. Alikuwa anapenda la iliki. Mwambie mama yake hajambo.”

Alifanya hivyo kwa kila mtu aliyekuwa anavuka ziwa. Apiyo akalipokea, akalitia kwenye mkoba, akatoka haraka asionekane machozi.

Melini alikaa ndani. Venant akatuma ujumbe: “Mbona umeondoka kimyakimya? Nimeulizia shela, iko tayari. Nakupenda mke wangu.” Hakujibu. Andazi hakulitupa pia. Roho yake ilikuwa inagombana. Upande mmoja ulimwambia, shuka Nansio, geuza na meli ya kurudi, nani atajua? Kipande cha sindano si unakitupa tu majini. Tena haki yako, umelia vya kutosha.

Akashuka. Akaenda sokoni.

Hakuuliza mtu. Alisikia kicheko kabla hajaona sura, kile kicheko cha kukohoakohoa. Ojuok alikuwa amesimama nyuma ya rundo la mashati, amenenepa, kitambi kimemtangulia, mtoto wa kike amemshika suruali.

“Chagua, dada, chagua, mzigo mpya hu…”

Akamwona Apiyo.

“Malizia,” Apiyo alisema. “Mzigo mpya huu. Malizia, Paulo.”

“Apiyo.”

“Kumbe jina langu unalikumbuka.”

Ojuok akaangalia huku na huku, akamvuta nyuma ya kibanda. “Nisikilize kwanza. Siku ile kweli tulizama. Nilibebwa na watu wa kisiwani, nikaumwa sana. Winnie ndiye aliyeniuguza. Nilipopata nguvu nikasikia mmeshazika yago. Wewe unajua mambo ya kwetu. Mtu ameshazikwa, arudi vipi? Nilete mkosi nyumbani?”

“Yago lilioza, Ojuok. Wewe umenenepa.”

“Niliogopa.”

“Uliogopa kaburi au ulimpenda Winnie?”

Akageuka akamwangalia mtoto wake. Jibu likawa hilo.

“Na saa? Nayo uliiogopa?”

“Kila nikiiangalia nilikuwa nakuona ukihangaika na ile sindano. Nikaona iende.”

Mtoto alikuja akajificha miguuni kwa baba yake. Apiyo akamwangalia. Alikuwa na macho ya bibi yake, yale makubwa yasiyopepesa.

“Anaitwa nani?”

“Sabina.”

“Umempa jina la mama, kama kwetu tunavyorithisha la marehemu? Kwako mama alishakufa?”

Ojuok akafunika uso kwa viganja. Aliposema tena sauti ilikuwa ya kubembeleza, ileile aliyokuwa akiitumia zamani akichelewa kurudi.

“Apiyo, watu wanapita hapa, nasikia habari. Unaolewa. Mtu mzuri, ana kazi yake Nyegezi. Basi olewa! Mimi niache nilivyo. Nilishakufa, nibaki nimekufa. Wewe upate ndoa yako, mimi nilee mwanangu. Nani anaumia hapo?”

Msomaji, usimcheke Apiyo. Lile neno lilimwingia. Alimwona Venant madhabahuni, akaona nyumba yenye mtu wa kumwuliza kama amekula, akaona uzee usio wa peke yake. Kunyamaza tu, basi. Alifungua mdomo kusema sawa.

Simu ikaita. Mama. Akaipokea, akagusa spika.

“Mwanangu, umefika? Maji yalitulia?”

“Yalitulia, mama.”

“Umemtupia andazi lake?”

Ojuok aliposikia sauti ile alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga mbao za kibanda. Apiyo alimtazama, machozi yakimtoka bila kwikwi.

“Bado, mama,” akasema. “Subiri. Nampa mkononi.”

Akafungua gazeti, akaliweka andazi kwenye kiganja cha mume wake. Kisha akamsogezea simu mdomoni.

“Msalimie mama.”

Ojuok alikuwa anatikisa kichwa, hapana, hapana. Upande wa pili Bibi Sabina aliita, “Apiyo? Apiyo, upo na nani hapo?”

“Shikamoo, mama,” Ojuok akasema.

Apiyo akaangalia kioo cha simu, akadhani imekatika.

“Marahaba,” sauti ikajibu, ndogo. Halafu ikapanda. “Marahaba, mwanangu! Marahaba! Upo wapi, mbona hukuja kula?”

Hapo ndipo mwanaume mwenye kitambi alipokaa chini kwenye mashati yake, akalia, andazi mkononi.

Melini, kabla mtandao haujapotea, Apiyo alimwandikia Venant: “Ojuok yuko hai. Nimemwona na nimeongea naye. Ndiye aliyekuuzia saa. Nenda kwa padri leo, kesho asitangaze.”

Jibu lilikuja majabali ya Mwanza yameanza kuonekana. “Nakuja kukupokea.”

Na kweli alikuwepo bandarini, shati lake la kazini limelowa mabegani kwa manyunyu. Akampokea mkoba kama kawaida yake. Wakatembea kuelekea Igogo.

“Ulijua tangu lini?” Venant akauliza.

“Tangu tulipoifungua saa.”

“Na ungeweza kunyamaza.”

“Ningeweza. Hata yeye aliniomba ninyamaze.”

“Sasa kwa nini, Apiyo? Kwa nini hukunyamaza?” Sauti ilimpasuka. “Ni tangazo moja tu! Moja!”

“Mama anamtupia maandazi ziwani, Venant. Ningekaa naye vipi meza moja?”

Venant alisimama, akaangalia pembeni. Aliposema tena alikuwa amepoa, na afadhali angeendelea kufoka.

“Nimetoka kwa padri. Anasema kwa kanisa ndoa yako ipo palepale, hata mahakama ikikupa talaka.”

“Na wewe unasemaje?”

“Nakupenda. Usiku na mchana nakupenda. Lakini baba yangu ni katekista, na mimi ndivyo nilivyolelewa. Siwezi kukaa na mke wa mtu. Nisikudanganye.”

“Hujanidanganya hata siku moja,” Apiyo alisema. “Ndiyo maana inauma.”

Walipofika, Bibi Sabina alikuwa barazani amevaa kitenge chake cha misa, begi limefungwa miguuni, simu sikioni. Alikuwa anacheka kama msichana.

“Apiyo! Kumbe ana mtoto, tena wamempa jina langu! Kesho nivushe nikamwone. Nimwambie Winnie akaange…” Akamwona Venant nyuma. Kicheko kikamkauka. Akamtazama, akatafuta neno la kumwita, akalikosa. “Karibu… karibu, baba.”

“Asante, mama. Shikamoo. Hongera kwa kumpata mwanao.”

“Marahaba.” Bibi wa watu akainamisha kichwa, akaokota begi lake, akaingia nalo ndani.

Wakabaki wawili mlangoni. Apiyo hakujua afiche wapi mikono.

“Ingia basi ule. Kuna sato tangu mchana.”

“Nimeshiba.”

“Hujala, nakujua.”

“Sina ruhusa ya kuingia humu tena, Apiyo. Mwenye nyumba yupo hai.”

Akamkabidhi mkoba. Akanyoosha mkono, akamshika wake kwa viganja viwili, kama watu wanavyoshikana msibani, na macho yalikuwa mekundu.

“Baki salama, shemeji.”